Ukuta wa Waombolezaji

Siku niliyoteremka kwenye lori la makaa pale Korongo la Mierebi nilikuwa na miaka ishirini na moja na sanduku moja la nguo. Mwalimu Fei hakuniuliza hata safari ilikuwaje. Aliniingiza moja kwa moja kwenye Pango la Kumi na Tisa, akanipa tochi, akasema nimulike ukuta kwa ubavu.

"Ukiumulika usoni unakudanganya," alisema. "Umulike ubavuni, utaona unapoumwa."

Nikamulika. Ukuta niliodhani ni laini ukawa kama ngozi ya mgonjwa, malengelenge kila mahali, na magamba ya rangi yameshikilia kwa ncha tu, yakitetemeka nikipumua. Mwalimu akanivuta nyuma. "Humu ndani tunapumulia pembeni," alisema. Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu.

Pango hilo lina Budha aliyelala kwa ubavu wa kulia, mrefu kwa hatua kumi na mbili, anaiaga dunia. Nyuma yake, ukuta mzima, wapo waliokuja kumlilia: wanafunzi wake, wafalme, watu wa nchi za mbali wenye kofia za ajabu. Mmoja anajipiga kifua. Mwingine ameshikwa na wenzake asianguke. Safu ya chini kabisa, karibu na miguu ya Budha, wamo watu watano wasio na vyeo, na katikati yao mwanamke aliyejiziba mdomo kwa mkono wa joho ili kilio kisitoke. Waliowachora walikufa miaka elfu moja na mia mbili iliyopita na hakuna aliyeacha jina.

Tulikuwa watu sita tu pale, mbali na kila kitu. Maji ya kunywa yalikuwa ya chumvi kidogo, hata chai ilikuwa na ladha ya machozi. Mwalimu Fei alitibu kuta. Mkewe, Ruoyun, alizinakili. Kwa miaka mitatu alikuwa amekaa mbele ya ukuta wa waombolezaji akiuhamishia kwenye karatasi, sura baada ya sura, mstari baada ya mstari. Umeme haukuwepo; alikuwa akitega kioo mlangoni, jua linagonga kioo, linagonga karatasi nyeupe, ndipo linafika ukutani. Jua likisogea, anainuka kusogeza kioo. Nilimwita Mama, ingawa alinizidi miaka kumi na saba tu. Binti yao wa pekee, Lian, alilelewa na bibi yake mjini Lanzhou kwa sababu kwetu hapakuwa na shule.

Mama Ruoyun alikuwa mtu wa utani. Mumewe akichelewa kula alikuwa akisimama mlango wa pango na kupaza sauti, "Waambie hao wafalme wakuandalie tambi, za kwangu zimeshapoa!" Naye Mwalimu alitoka akijipangusa vumbi, akicheka bila sauti.

Mwaka wa 1974, mwezi Agosti, mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, jambo ambalo bonde lile halikulizoea. Maji yakapata ufa juu ya Pango la Kumi na Tisa. Ukuta ulipokauka, chumvi iliyokuwa imelala ndani ya mwamba ikaamka, ikaanza kusukuma rangi kutoka nyuma. Kila asubuhi tulikuta vipande vipya sakafuni, vingine vidogo kama kucha ya mtoto. Mwalimu aliandika barua tatu mkoani. Oktoba mwanzoni likafika pipa moja la gundi nyeupe ya kiwandani, kitu kipya siku hizo, kilichosifiwa kila mahali. Ilikuwa inazimuliwa kwa maji, inaingizwa kwa sindano nyuma ya kila gamba, halafu unabonyeza taratibu kwa pamba iliyofungwa kwa hariri. Lakini ilibidi kazi imalizike kabla ya baridi kali. Gundi ile haishiki kwenye baridi ya kugandisha.

Tumbo lilimshika Mama Ruoyun siku ya Jumatatu. Alisema ni kabichi chachu. Jumanne alilala. Jumatano lori la makaa lilipofika, hakuweza kusimama wima.

"Twende wote," alimwambia mumewe. Tulikuwa mlangoni mwa pango. Mwalimu alikuwa na bomba la sindano mkononi.

"Gundi nimeshaizimua, Ruoyun. Ikizidi siku tatu inaharibika, na nyingine haipo. Nenda na Suyin. Siku tatu namaliza, nakufuata."

"Siku tatu."

"Tatu. Nikizidisha uje unichape."

Alitaka kucheka, akashika ubavu. Mwalimu akampandisha kwenye lori, akamfunika koti lake la manyoya ya kondoo, akanikabidhi chupa ya maji moto. Kisha akarudi pangoni. Nilimwona akirudi. Hakukimbia, lakini hakugeuka pia.

Njia ile ilituchukua saa kumi na moja. Nilikipakata kichwa chake mapajani. Mwanzoni alilalamika juu ya mashimo ya barabara na kumtania dereva. Baadaye akawa anaita jina la mumewe, si kwa kelele, kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili. Kuelekea jioni akanyamaza, nikadhani amelala. Ndipo akafumbua macho akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ningekuwa nimechorwa ukutani, angekuja."

Nikamfunika koti vizuri.

Hospitalini walisema kidole tumbo kilikuwa kimepasuka tangu asubuhi. Walimpasua, lakini alifariki Alhamisi kabla ya adhuhuri. Alikuwa na miaka arobaini.

Tulirudi naye Jumamosi kwa lori lile lile. Mwalimu alisikia mlio tukiwa bado mbali, akatoka kutupokea. Alikuwa amekonda kwa siku tatu, na mikono yake ilikuwa myeupe kwa gundi mpaka viwiko. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda. "Nimemaliza!" alipaza sauti. "Hakuna hata gamba moja lililoanguka. Mwambie Ruoyun—" Dereva akavua kofia.

Tulimzika kwenye changarawe ng'ambo ya mto mkavu, mahali ambapo mapango yote yanaonekana. Siku ya tatu baada ya maziko Mwalimu aliniuliza, "Alisema nini njiani?"

Nilimwangalia. Nikasema, "Alisema usijilaumu. Alisema umalize ukuta wako."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayemeza kitu kikavu.

*

Ukuta ule ulimpa Mwalimu jina. Wataalamu walikuja kutoka mikoa mingine kuutazama na kuandika alivyofanya. Rangi zilishika, hakuna kilichoanguka. Ofisi yetu iliungua mwaka wa themanini na moja kwa bomba la jiko, daftari zake zote za kazi zikateketea, lakini yeye alisema hakuna shida, ukuta wenyewe ndio daftari. Hakuoa tena. Alipostaafu alienda kuishi kwa Lian mjini Lanzhou, mimi nikashika nafasi yake. Kila Mwaka Mpya nilimwandikia barua, na kila barua ilikuwa na mstari uleule: Ukuta wa Kumi na Tisa ni mzima.

Mpaka mwaka wa 1996 ulikuwa kweli. Majira ya kuchipua ya mwaka huo nilimulika ubavuni, nikaona kivimbe kidogo begani mwa mfalme mmoja, kama kuumwa na mbu. Wiki iliyofuata vilikuwa tisa. Mwaka uliofuata sikuhesabu tena.

Tulichunguza, tukajua. Gundi ile ilikuwa imeziba vinyweleo vya ukuta. Mwamba hupumua, unyevu huja na kuondoka, na chumvi hutoka nao kidogo kidogo. Kwa miaka zaidi ya ishirini chumvi ilikuja hadi nyuma ya ngozi ile ya gundi, ikakosa mlango, ikajikusanya. Sasa ilikuwa inaibandua gundi kwa nguvu, na gundi ilishika rangi vizuri sana, kwa hiyo ikaondoka nayo. Kile kilichouokoa ukuta ndicho kilichokuwa kinauchuna.

Safu za juu tuliweza kuiyeyusha gundi kwa dawa, kwa taratibu, kwa pamba, kidole kwa kidole. Safu ya chini ilitushinda. Dawa ile ile haikufanya kitu. Tulijaribu tatu nyingine. Na huku wale watu watano walikuwa wanatoka mmoja mmoja mbele ya macho yetu.

Kwa Mwalimu niliandika: Ukuta wa Kumi na Tisa ni mzima. Mara mbili niliandika hivyo.

*

Septemba ya 1998 Mwalimu alikuja bila taarifa. Alikuwa na miaka sabini na minane. Mzee Tiezhu, mlinzi wetu wa lango tangu enzi za lori la makaa, ndiye aliyemwona wa kwanza akishuka kwenye basi na Lian; na Tiezhu alijua kila kitu kuhusu ukuta. Akasimama katikati ya lango kama ng'ombe.

"Mwalimu Fei! Bado hujafa?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe utangulie, unionyeshe njia."

"Aa, mimi sina haraka. Hebu kwanza njoo ule. Nimechinja kondoo."

"Umemchinja saa ngapi, na mimi sijakwambia nakuja?"

"Nilimwota."

"Tiezhu, nataka kuuona ukuta wangu, halafu ndiyo nitakula kondoo wa ndotoni."

"Ah, huo... Funguo zimepotea, Mwalimu. Tangu juzi. Tumetafuta mpaka kwenye unga."

Mwalimu alimtazama kiunoni, ambako funguo zote za korongo zilining'inia kwenye kamba nyekundu. Alinyoosha mkono tu. Tiezhu akatazama chini, akafungua ile kamba. Nilikuwa nimeshafika wakati huo, nimesimama na vumbi la chumvi kwenye nywele.

"Suyin," Mwalimu akasema. "Umekuwa bibi."

"Mwalimu, pumzika kwanza. Kesho tutaingia."

"Tangu lini ninyi mnajua kunificha kitu?"

Nikampa tochi. Aliingia mwenyewe. Lian alitaka kumshika mkono, nikamzuia.

Alisimama mlangoni mpaka macho yakazoea giza, kama alivyotufundisha. Akamulika ubavuni. Mwanga ukapita begani mwa Budha, ukapanda kwa wafalme, ukashuka. Ulipofika safu ya chini ukasimama. Kati ya wale watano, mmoja alikuwa amekwisha kabisa, imebaki lipu ya udongo na makapi ya majani. Mwingine alikuwa na mikono bila uso. Mwanamke aliyejiziba mdomo alikuwa bado yupo, lakini shavu lake lote lilikuwa limejikunja kwa nje kama jani kavu.

Nilisikia pumzi yake, na nilisikia kwamba alikuwa anapumulia pembeni.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu sasa."

"Na barua?"

"Nilidanganya, Mwalimu."

"Ni gundi?"

"Ni gundi."

Akazima tochi. Akakaa sakafuni, gizani, mzee yule, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Lian akaanza kulia kule mlangoni. Yeye hakulia. Akasema, "Nilimwacha aende peke yake kwa ajili ya huu." Alilisema taratibu, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia na kutaka kuhakikisha kasoma sawa.

Siku mbili hakutoka chumbani. Lian alinijia jikoni, uso umevimba. "Dada Suyin, nampeleka nyumbani. Pahali hapa palimla mama, sasa panammaliza baba. Mimi sikuwahi kujua nini cha ajabu kwenye kuta zenu hizi. Nilikuwa na miaka tisa; nililetewa habari na mwalimu mkuu, katikati ya somo la hesabu."

Nikampa uji. Alikuwa bado anaukoroga Mwalimu alipoingia, amevaa koti la kazi la Tiezhu, limemzidi.

"Safu ya chini," akaniambia, "mmejaribu dawa gani?"

Nikazitaja zote nne.

"Haziwezi. Gundi ya kiwandani ilikaribia kuniishia siku ya tatu asubuhi. Nilikuwa na safu moja imebaki. Nikaenda kwenye mipichi ya nyuma ya jiko, nikakwangua utomvu wake, nikauchemsha, nikachanganya na kile kilichobaki kwenye pipa. Sehemu mbili za utomvu, moja ya gundi. Sikumwambia mtu. Niliona aibu, wataalamu walipokuja nikawaambia ni gundi tupu. Utomvu hautaki dawa, unataka mvuke. Mvuke wa vuguvugu kwanza, dakika chache, halafu ndiyo dawa yako. Andika." Akakunja mikono ya lile koti. "Na uandike jina langu juu. Fei Wenqing, mwaka sabini na nne, alifanya hivi, akakosea. Wako wengine walionifuata, na kuta zao zitaanza kuumwa."

Lian akaweka kijiko chini. Hakusema tena habari za kuondoka.

*

Tulifanya kazi siku arobaini na moja. Mikono yake ilitetemeka mno kushika sindano, kwa hiyo alikaa kwenye kigoda nyuma yangu akiongoza. Tulipitisha mvuke kwa kitambaa chembamba, tukasubiri ngozi ya gundi ilegee, tukaiondoa, tukavuta chumvi kwa karatasi laini iliyoloweshwa, tukairudisha rangi mahali pake. Siku nzuri tulimaliza sehemu ya ukubwa wa kiganja.

Shida ilikuwa vipande vilivyokwisha kuanguka. Tulivihifadhi vyote kwenye visanduku, mamia, lakini nani angejua kipi cha wapi? Ndipo nikamkumbusha Mwalimu kuhusu nakala. Kazi ya Mama Ruoyun ilikuwa ghalani, imeviringishwa, haikuwa kwenye ofisi iliyoungua. Mwalimu hakuwa ameitazama tangu mkewe azikwe.

Tuliitandaza sakafuni mwa ukumbi wa kulia, hatua kumi na mbili za karatasi. Wote walikuwepo. Mama Ruoyun hakuwa amerembesha kitu. Palipokuwa na ufa kachora ufa, palipokuwa na doa kaweka doa. Mwalimu alipiga magoti mbele ya safu ya chini. Lian naye akapiga magoti upande wa pili, akawa anaiangalia karatasi kana kwamba inaongea naye.

"Alikuwa anachora hivi?" akauliza.

"Miaka mitatu," Mwalimu akajibu. "Jua likisogea anainuka kusogeza kioo. Nilidhani ana kazi nyepesi."

Tangu siku hiyo Lian ndiye aliyevipanga vipande. Alikuwa karani wa posta maisha yake yote, jicho lake lilikuwa kali kutuzidi. Alishika kipande kwa kibano, akakizungusha juu ya nakala ya mama yake, akasema, "Hiki ni cha pindo la joho. Hiki ni cha sikio." Mara nyingi hakukosea.

Siku ya ishirini na tano tulikuwa wawili tu pangoni, mimi na Mwalimu. Tulikuwa tumeufikia uso wa yule mwanamke. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha mvuke shavuni mwake aliposema nyuma yangu:

"Uliniandikia mwaka baada ya mwaka kwamba ukuta ni mzima. Ulinionea huruma. Nakujua sasa unavyosema ukinionea huruma. Suyin, Ruoyun alisema nini kwenye lori?"

Sikugeuka. Mvuke ulikuwa bado unahitaji dakika moja. Niliihesabu yote. Kisha nikatoa kitambaa, nikaweka chini, nikamwambia. Nilimwambia maneno yenyewe, bila kupunguza.

Halafu akainuka, akanawa mikono kwenye beseni kama tunavyonawa mwisho wa kazi, kidole kimoja kimoja, akatoka. Kutoka mlangoni nilimwona akishuka ngazi, akivuka mto mkavu na fimbo yake, akakaa kwenye changarawe kando ya kaburi. Alikaa huko mpaka jua likateremka nyuma ya majabali. Mzee Tiezhu alimpelekea koti, akarudi bila kusema utani wowote.

Lian aliposikia alinishika kola. "Kwa nini? Miaka ishirini na minne umenyamaza, ungeshindwa kunyamaza na miwili iliyobaki?"

"Aliniuliza."

"Ungedanganya! Si unajua kudanganya?"

"Najua," nikasema. "Ndiyo maana nimeacha."

Aliniachia. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri. Watu wameniambia ndiyo, wengine wamenitazama tu.

Asubuhi yake Mwalimu alikuja kazini kama kawaida, akakaa kwenye kigoda. Jicho moja lilikuwa jekundu. Tulifanya kazi mpaka karibu adhuhuri ndipo akasema, "Alisema kweli. Ningekuja." Hakulitaja tena jambo hilo, wala mimi.

Uso wa yule mwanamke hatukuupata. Niseme wazi, kwa sababu baadaye watu walieneza kwamba tuliokoa kila kitu. Rangi ya shavu ilikuwa imeoza kwa chumvi, na tulipoilegeza ilibaki unga kwenye karatasi. Ilibaki mikono ya joho iliyoinuliwa kuziba mdomo ambao haupo. Kati ya watano wa safu ya chini tulipata watatu. Safu za juu zilibaki karibu zote.

Kijana mmoja wa ofisi ya mkoa alipokuja kukagua alishauri tuuchore upya uso ule kwa kufuata nakala. "Nakala ipo, mafundi wapo. Mgeni hatajua tofauti."

"Mimi nitajua," Mwalimu akasema. "Na mke wangu alinakili kilichokuwepo. Hakuchora ili ninyi mtumie kufunika kosa langu. Acheni udongo uonekane."

Tukauacha. Lipu tupu, rangi ya vumbi, ukubwa wa uso wa mtu.

Mwalimu aliondoka mwanzoni mwa Novemba, siku ya barafu ya kwanza. Pale kwenye basi aliinamisha kichwa kwangu, jambo ambalo mwalimu hamfanyii mwanafunzi, nikapata taabu sijui niweke wapi macho yangu. Februari Lian alinipigia simu. Mapafu, alisema. Siku nne tu.

Aprili alikuja na majivu ya baba yake kwenye kisanduku cha mbao kilichofungwa kwa kitambaa cheupe, amekipakata safari yote. Mzee Tiezhu alikuwa amekwisha kuchimba shimo kando ya kaburi la Mama Ruoyun, ubavu kwa ubavu, kama inavyopasa mke na mume. Lakini Lian alisimama mbele ya shimo akasita.

"Aliniambia nisimzike hapa," alisema. "Alisema hajaalikwa. Alisema, 'Nipeleke popote, lakini usinilaze karibu naye kana kwamba hakuna kilichotokea.'" Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyekuwa na Mama mwishoni, Dada. Mama angemkubali?"

Nilifikiri juu ya lile lori, uzito wa kichwa chake mapajani mwangu, na jina aliloliita njia nzima. Nilifikiri pia juu ya lile neno la mwisho.

"Alikuwa amemkasirikia," nikasema. "Na alikuwa anamtaka. Zaidi ya hapo sijui, Lian."

Mzee Tiezhu aliegemea koleo lake. "Mimi naona," akasema, akifuta pua kwa mkono, "mtu akikukasirikia unakaa pembeni, unasubiri. Huendi Lanzhou."

Tukalifukia shimo lile, tukachimba jingine upande wa miguuni pa Mama Ruoyun, hatua nne kutoka kwake. Udongo ulikuwa mgumu, tulipokezana koleo sote watatu. Lian akaweka kisanduku, akamwaga changarawe kwa mikono yake mpaka kikafunikika. Hakuna mtu aliyesoma kitu. Upepo ulikuwa mkali siku hiyo, mishumaa ilikataa kuwaka.

Tulipokuwa tukirudi aliniomba aingie pangoni. Nikamfungulia, nikampa tochi, nikakaa nje kwenye ngazi kumsubiri. Alikaa sana. Nilimsikia mara moja akikohoa, mara nyingine akisogea. Alipotoka macho yalikuwa makavu. Aliniuliza basi la kesho ni saa ngapi, nikamwambia saa mbili asubuhi, naye akasema vizuri, kisha akashuka ngazi taratibu, ameshikilia ukuta.